Msumeno Usiotulia: Kabureta na Skrubu Zinazosingiziwa

Aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili hutarajiwa kuandika kuhusu ushairi, riwaya au sarufi. Makala hii inadhamiria kuzungumzia kabureta. Katika likizo moja nilifanya kazi ya usaidizi katika kibanda cha ufundi upande wa Laiser Hill, na huko nikaona kosa moja likirudiwa kwa misumeno mingi ya mnyororo, ile ambayo wengi wetu huiita pawaso. Mwenyewe huleta msumeno akilalamika kuwa haueleweki: asubuhi ulirekebishwa ukanguruma vyema, kufikia adhuhuri ukawa unakwenda mbio peke yake, na jioni ukawa unazima kila unapowekwa chini. Fundi hushika bisibisi, huzungusha skrubu, hupokea malipo. Baada ya siku mbili msumeno umerudi. Hoja yangu ni kwamba msumeno usioshika marekebisho aghalabu hauna ugonjwa wa skrubu, na kuendelea kuzizungusha ni kuuficha ugonjwa wenyewe.

Tuanze na chombo. Kabureta ya pikipiki ina bakuli dogo la petroli na boya linaloelea ndani yake. Msumeno hauwezi kutegemea boya, kwa kuwa mkataji huulaza ubavu na pengine huupindua. Badala yake una viwambo viwili vyembamba. Neno hili lanipendeza: linatokana na kuwamba, yaani kukaza ngozi juu ya ngoma, na kazi ya kipande hiki ni hiyo hiyo ya kukazwa juu ya uwazi na kutikisika. Kiwambo cha kwanza ni pampu. Hutikiswa na mapigo ya hewa yatokayo chini ya pistoni. Cha pili hupima: injini ivutapo, kiwambo hubonyea ndani na kusukuma kiwiko kidogo, sindano huachia njia, na petroli hupita. Kiwambo kikikauka na kuwa kigumu, kipimo hupotea.

Misumeno mingi ina skrubu tatu. Iliyoandikwa L husimamia petroli ya mwendo wa chini, na H ya mwendo wa kasi. Ya tatu huinua au kushusha mwendo wa injini inapoachwa ingurume bila kazi. Ukiikaza L au H petroli hupungua, ukiilegeza huongezeka. Yafaa msomaji akumbuke kwamba petroli ya msumeno ndiyo inayobeba oili ya kulainisha pistoni. Kwa hiyo mchanganyiko wenye petroli haba hukinyima chuma ulainisho wakati ule ule kinapozunguka kwa kasi na joto kuzidi. Pistoni hukwaruzika, ikakwama ndani ya silinda, na mwenye msumeno akapoteza kitega uchumi chake katika muda wa kukata gogo moja.

Sasa, skrubu zimewekewa springi za kuzizuia kulegea. Ni nadra zijizungushe. Ikiwa jana palikuwa sawa na leo si sawa, basi kilichobadilika ni hewa inayoingia au petroli inayofika.

Wapo wanaosingizia hali ya hewa, na dai lao lina ukweli kiasi. Katika kimo cha mita 1,600, ambacho hakiko mbali na kimo cha Kitengela, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 ikilinganishwa na hewa ya usawa wa bahari. Msumeno uliorekebishwa Mombasa ukiletwa huku utapata petroli nyingi kuliko hewa, utoe moshi na kulegea. Uliorekebishwa huku ukipelekwa Mombasa utapata petroli haba, na hiyo ndiyo safari ya hatari. Lakini tutazame mwelekeo wa mabadiliko. Joto la mchana huifanya hewa kuwa nyepesi zaidi, kwa hiyo mchanganyiko unapaswa kuelekea kwenye wingi wa petroli: mwendo uzame, moshi uongezeke. Msumeno ambao adhuhuri unakwenda mbio zaidi kuliko asubuhi umefanya kinyume. Kwa ushahidi huo hali ya hewa haina hatia, na pana tundu mahali fulani linaloingiza hewa ya wizi.

Tundu hilo hutafutwa wapi? Mshukiwa wa kwanza ni shingo ya mpira iunganishayo kabureta na silinda. Mpira huu ukizeeka hupasuka nyufa ambazo hazionekani ungali baridi. Ukipata moto hulainika, na mtikisiko huzifungua nyufa. Mshukiwa wa pili ni mrija wa mapigo, ambao hupasuka vivyo hivyo. Wa tatu ni sili za krenki. Kwa hizi kuna jaribio jepesi: injini ikiwa na moto na ikinguruma bila kazi, mnyororo ukiwa mbali na mwili, ulaze msumeno ubavu mmoja, kisha wa pili, kisha uelekeze ncha chini. Mwendo ukibadilika sana kwa kugeuzwa tu, sili na mashikio ya krenki yashukiwe. Fundi mwenye pampu ndogo ya mkono huziba matundu ya injini, akajaza shinikizo na kuangalia iwapo linashuka, kisha akajaribu kwa kuvuta, maana zipo sili zinazozuia hewa kutoka lakini haziizuii kuingia. Sijaona pampu hiyo katika vibanda vingi, na nadhani ni hasara.

Upande wa petroli una dalili zake. Msumeno unaofanya kazi vizuri kwa dakika kumi kisha ukafifia, huenda tundu la kupumulia la tangi limeziba. Zima injini, ipoe, ufungue kifuniko taratibu. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, na baadaye msumeno ukakata vyema, umempata mkosaji. Chujio la ndani ya tangi na mrija wake pia huzeeka. Vumbi la Kitengela, likichanganyika na unga wa mbao, huziba chujio la hewa. Hilo hulegeza msumeno polepole, na mwenyewe huikaza H ili kufidia. Siku atakaposafisha chujio, hewa itarudi ilhali petroli imekwisha kupunguzwa. Nimeona pistoni iliyoharibiwa kwa usafi wa namna hiyo.

Tusiisahau petroli yenyewe. Uchanganyaji wa mafuta ya taa katika mafuta mengine ulikithiri nchini hata serikali ikaweka, mwaka wa 2018, ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia. Oili nayo ipimwe: kwa uwiano wa 50 kwa 1, lita tano za petroli huhitaji mililita 100. Anayekadiria kwa kifuniko cha chupa hubadilisha mchanganyiko kila ajazapo tangi.

Haya yote yakithibitika kuwa sawa, ndipo bisibisi ichukuliwe. Chujio liwe safi, injini iwe na moto, mnyororo uwe na makali. Anza na kipimo kilichoandikwa katika kijitabu cha msumeno huo. Tafuta kwa L mahali ambapo mwendo wa chini ni wa juu kabisa, kisha ilegeze kidogo hadi injini iitikie mara moja inapoongezewa mafuta. Rekebisha ile ya tatu hadi mnyororo usimame kabisa. Mnyororo unaotambaa injini ikiwa haina kazi umekwisha kukata miguu ya watu. H iachwe mwisho. Injini ikifunguliwa kabisa bila mzigo iwe na mngurumo wenye kukwaruza kidogo, ambao hutoweka msumeno unapozama ndani ya gogo. Mlio mwembamba, safi, unaopaa, ndio wauzaji hupenda kuusikia, nao ndio wa kuogopwa. Mwenye kipima mizunguko na akitumie, asivuke kiwango cha mtengenezaji.

Msumeno ulionifanya niandike haya ulikuwa wa mzee mmoja aliyeishi kwa kukata miti iliyoangushwa na upepo. Alikuwa ameulipia mara nne kuzungushiwa skrubu. Siku ya tano fundi wetu aliifungua kabureta, akaikunja ile shingo ya mpira baina ya vidole, na ufa ukafunguka kama mdomo.

“Mzee, hii ndiyo iliyokuwa ikikula,” akamwambia.

Mzee aliutazama ufa, kisha akauliza kama angeweza kurudishiwa pesa za mara zile nne.