Dawa mbili katika tembe moja: ipi ikufaayo?

Mtu aliyekesha akiumwa na jino hana subira ya kusoma maandishi ya pakiti. Hununua tembe, akameza mbili, akaenda kazini. Huenda asijue kwamba kila tembe ina dawa mbili, na kila dawa ina madhara yake.

Mara nyingi dawa ya kwanza ni parasetamoli. Ya pili ni ya jamaa ya afyuni, hasa kodeini au tramadoli. Huunganishwa kwa sababu kila moja hutuliza maumivu kwa njia yake.

Kodeini na parasetamoli: Tembe huwa na parasetamoli miligramu 500 na kodeini miligramu 8, 15 au 30, kwa hivyo soma tarakimu hizo. Kodeini hupata nguvu baada ya ini kugeuza sehemu yake kuwa mofini. Kuna watu ambao ini lao huigeuza kidogo tu, nao hawapati nafuu. Wengine huigeuza kwa kasi mno, na hata kipimo cha kawaida chaweza kudhoofisha pumzi zao. Aidha, hufunga choo.

Tramadoli na parasetamoli: Tembe ya kawaida ina tramadoli miligramu 37.5 na parasetamoli 325. Mtu mzima asipite tembe 8 kwa siku. Huleta kichefuchefu na kizunguzungu, na yaweza kuamsha kifafa. Ukiwa unatumia dawa za kutibu huzuni ya akili, mwambie daktari kwanza.

Mwaka wa 2017, idara inayosimamia dawa Marekani ilikataza kodeini na tramadoli kwa watoto wa chini ya miaka 12, ikawashauri akina mama wanaonyonyesha waziepuke.

Je, ipi bora? Kwa maumivu ya jino, ibuprofeni pamoja na parasetamoli ya kawaida mara nyingi hutuliza sawa na tembe hizi, au hata kuzishinda. Anza na hizo, isipokuwa una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba. Tembe zenye kodeini au tramadoli zibaki kwa maumivu makali, kwa ushauri wa daktari.

Hatari kubwa imejificha kwenye parasetamoli. Mtu mzima asipite gramu 4 kwa siku, yaani tembe 8 za miligramu 500. Ukimeza tembe za mchanganyiko, ukaongeza parasetamoli nyingine, kisha dawa ya mafua ambayo nayo inayo, utapita kiasi bila kujua. Ini huharibika kimyakimya; siku ya kwanza waweza kujiona mzima. Ukigundua umezidisha, nenda hospitalini siku hiyo hiyo.

Usichanganye tembe hizi na pombe wala dawa za usingizi. Uingereza, tangu 2009, pakiti za kodeini zinazouzwa bila cheti cha daktari huonya zisitumiwe zaidi ya siku 3, kwani mwili huzizoea haraka, na kichwa huanza kuuma kwa sababu ya dawa yenyewe.

Ukimwona mtu aliyezimeza akisinzia asiamke, anapumua polepole na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, usimwache alale. Mkimbize hospitalini, na ubebe pakiti ya dawa aliyotumia.