Kutoka Mubuku hadi Firenze: kifurushi cha wakala au kikundi chenu?

Mtu wa Mubuku ana haki ya kuitamani Italia. Mwaka 1906 mwanamfalme Luigi Amedeo wa Abruzzi alipita katika bonde hili akiupanda Rwenzori, na kilele chake kirefu kuliko vyote, chenye mita 5,109, akakiita Margherita, jina la malkia wa kwao. Kikundi cha akiba cha Kasese au Bwera kikitaka sasa kwenda kuziona kazi za Michelangelo na Botticelli, kina njia mbili: kununua kifurushi cha wakala au kujipangia chenyewe.

Kuna gharama zisizokwepeka kwa njia yoyote. Nauli ya basi hadi Kampala, ndege kutoka Entebbe, ambayo mara nyingi hubadilishwa Addis Ababa, Doha au Istanbul, viza ya Schengen euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya afya yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Ukinyimwa viza, zile 90 hazirudi. Kwa hiyo, kabla ya kumpa wakala hata shilingi moja, mtake aandike: viza isipotoka, atakurudishia kiasi gani? Asiyetaka kuandika, achana naye.

Kifurushi kina faida yake. Wazee na wanaosafiri kwa mara ya kwanza hupangiwa hoteli, treni na mwongozaji, na barua za kuambatanisha na maombi ya viza hutoka mahali pamoja. Lakini soma kila mstari. Je, tiketi za makumbusho zimo? Chakula cha mchana? Kodi ya mji, inayotozwa kila mtu kwa kila usiku? Anayelala peke yake chumbani anaongezewa kiasi gani? Tena programu ikisema “tutamwona Daudi wa Michelangelo”, uliza ni yupi. Aliyechongwa mwaka 1501 hadi 1504 yumo ndani ya Galleria dell'Accademia, kwa tiketi. Anayesimama uwanjani Piazza della Signoria ni nakala, na kumtazama ni bure. Kulipia safari nzima ili uonyeshwe nakala ni kudhulumiwa.

Mnaojipangia, tarehe ndiyo fedha yenu. Makumbusho ya Vatikani, pamoja na dari la kanisa la Sistina alilochora Michelangelo mwaka 1508 hadi 1512, kwa kawaida huingiwa bure Jumapili ya mwisho ya mwezi. Makumbusho ya serikali, Uffizi na Accademia za Firenze zikiwamo, huwa bure Jumapili ya kwanza ya mwezi. Jumapili hizo mbili hufuatana! Fikeni Roma kwa ile ya mwisho wa mwezi, kaeni siku chache, kisha nendeni Firenze kuisubiri ile ya kwanza ya mwezi unaofuata. Foleni ni ndefu, amkeni alfajiri. Siku za katikati, mkiwa Roma, kuna sanamu za Michelangelo: Pietà katika Basilika la Mtakatifu Petro na Musa katika kanisa la San Pietro in Vincoli. Kote huko hakuna kiingilio. Kutoka Roma hadi Firenze, treni ya mkoa huchukua muda mrefu kuliko ile ya kasi, lakini nauli yake ni ndogo.

Malazi ndipo ukarimu ulipo. Nyumba za watawa hupokea wageni kwa bei ya kadiri. Nyingi hufunga geti usiku, jambo lisilomsumbua anayeamka mapema. Mkulima wa skimu ya umwagiliaji ya Mubuku ningemsihi alale angalau usiku mmoja katika agriturismo, yaani shamba linalopokea wageni, ale mezani kwa wenyeji mazao waliyolima wenyewe na azungumze nao habari za maji na udongo. Hoteli ya kifurushi haiwezi kumpa hilo. Tatizo ni usafiri: mashamba mengi yako mbali na stesheni, na gari la kukodi hulipika mkiwa wengi.

Uamuzi wangu: mkiwa sita hadi wanane, na mmoja wenu amewahi kusafiri nje, jipangieni, miji miwili tu, Roma na Firenze. Kama hakuna aliyewahi, nunueni kifurushi, lakini kile tu kilichotaja tiketi za Uffizi na Accademia kwa majina. Maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Anzeni hapo, msingoje wiki za mwisho.