Kamera Inayoona Joto: Namna ya Kuanza Kuitumia

Ukiligusa birika la chai, mkono unajua mara moja kuwa ni la moto. Jicho halijui. Birika la moto na birika la baridi kwa macho ni mamoja. Siku hizi iko kamera ndogo inayoliona joto hilo kwa mbali, bila ya kugusa.

Zamani kamera hizi zilikuwa za majeshi na viwanda vikubwa, na bei yake ilikuwa bei ya gari. Sasa zipo za kuchomeka kwenye simu ya mkononi, na zile rahisi zinaanzia kama dola 200 za Marekani. Bado ni fedha nyingi kwetu sisi wa Kidichi. Lakini mtu aweza kuletewa na jamaa yake aliye Omani, au watu watano wakachanga wakanunua moja. Tumeona tueleze namna ya kuanza, kwa sababu asiyejua kuisoma kamera hii hudanganyika, tena pengine katika jambo la hatari.

Kila kitu hutoa miali ya joto: ukuta, mti, paka, hata mimi na wewe. Macho hayaioni miali hiyo. Mwaka 1800, huko Uingereza, Bwana William Herschel aliupitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu. Mwanga ukagawanyika, ukawa rangi kama za upinde wa mvua. Akaweka vipimajoto kwenye rangi zile. Kimoja akakiweka nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana mwanga wowote. Hicho ndicho kilichopanda kuliko vyote! Hivyo ndivyo ilivyojulikana kuwa iko miali isiyoonekana.

Kamera ya joto huipokea miali hiyo na kuifanya picha. Haihitaji taa, na hata gizani inafanya kazi. Mwaka 2016 askari wa wanyama wa Maasai Mara, Kenya, walianza kutumia kamera za namna hii usiku kuwatafuta majangili.

Jambo la kwanza la kujua ni rangi. Rangi si za kweli, kamera inazipaka yenyewe. Kilicho moto kuliko vyote katika picha hupewa rangi nyeupe au manjano, na kilicho baridi kuliko vyote hupewa buluu au nyeusi. Basi ukiutazama ukuta mtupu utaona mahali pekundu na mahali pa buluu, kumbe tofauti yake ni digrii moja tu. Usishtuke. Soma tarakimu, usisome rangi peke yake.

Sasa anza jikoni. Utazame mtungi wa maji ya kunywa. Utauona una baridi kuliko ukuta ulio nyuma yake, kwa sababu mtungi hutoa jasho, na jasho likikauka huchukua joto. Ukuta wenye unyevu nao hufanya vivyo hivyo. Twaijua sote hamamu ya Kidichi, aliyoijenga Seyyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi katika karne ya 19. Kwenye jengo la mawe na chokaa kama lile, mahali palipoingia maji ya mvua huweza kuonekana pa baridi kabla doa halijaonekana kwa macho. Ni kazi nzuri kwa mwanafunzi wa kamera hii, na haina hatari.

Kisha fanya jaribio hili, maana ndilo kubwa kuliko yote. Chukua sufuria yenye masizi. Isugue kwa mchanga upande mmoja mpaka ing'are, upande wa pili uache na masizi yake. Chemsha maji, epua, halafu tazama kwa kamera. Upande wa masizi utakuonyesha joto kali. Upande unaong'aa utakuonyesha kama vile sufuria imepoa! Mbona? Sufuria ni moja na maji ni yale yale. Sababu ni kuwa chuma kinachong'aa hutoa miali michache sana, na badala yake hurudisha miali ya vitu vingine kama kioo cha kujitazamia. Hapo kamera inaona joto la ukuta wa mbele, au la uso wako. Mtoto akiambiwa "sufuria imepoa, kamera imesema," ataungua.

Bati jipya la nyumba nalo hudanganya hivyo hivyo. Ukitaka kupima kitu king'aacho, kibandike kipande cha tepu nyeusi ya umeme, ngoja kidogo, upime juu ya tepu. Lakini usibandike kitu chochote kwenye nyaya au vyuma vya umeme.

Na kwa umeme ndipo kamera hii inapoweza kuokoa nyumba. Waya uliolegea kwenye swichi au soketi hupata joto, na joto hilo likizidi huwasha moto. Acha friji au pasi itumie umeme kama nusu saa, kisha tazama soketi yake na ulinganishe na nyingine. Ikiwa moja ina joto kuliko wenziwe, zima swichi kubwa, umwite fundi wa umeme. Usifungue kifuniko mwenyewe. Kamera huona juu tu. Kifuniko kikiwa na joto, ndani mna joto zaidi. Na kifuniko kikiwa baridi, hiyo si hati ya kuwa ndani ni salama.

Hali ni hiyo hiyo kwa karafuu. Karafuu mbichi zikirundikwa hupata joto na kuharibika, lakini joto huanzia ndani ya chungu. Ukipiga picha kwa juu utaona salama. Vuruga chungu kwanza, ndipo utazame. Kwa kweli, hapo mkono wa bibi aliyezoea kuanika unatosha.

Wako watakaosema ati kamera inaona watu nyuma ya ukuta. Haioni. Hata kioo cha dirisha haipenyi. Lakini utaona nyayo za mtu aliyekwisha pita sakafuni pekupeku, na alama ya mtu aliyeondoka kwenye baraza. Si jini, ni joto lake limebaki. Hata hivyo kumwelekezea jirani kamera usiku si adabu.

Homa ya mtoto usiipime kwa kamera hii. Kamera za bei rahisi huweza kukosea digrii mbili, nazo digrii mbili ndizo tofauti ya mtoto mzima na mgonjwa. Mpeleke kituo cha afya.

Ukinunua, uliza picha ina nukta ngapi. Ya nukta 80 kwa 60 ni ukungu mtupu, ya 160 kwa 120 inafaa kujifunzia. Hakikisha tundu la simu yako linaingiliana nayo. Na ukisikia inalia "ta!" na picha kusimama kidogo, haikuharibika. Ndani kuna kifuniko kidogo kinachofunga ili ijipime upya, kisha huendelea.