Nzi wa Banda la Kuku na Sumu Itokayo kwa Bakteria

Kuku wachache nyuma ya nyumba huwapa akina mama wengi wa mwambao wetu mayai ya watoto na fedha ya mkononi. Lakini kinyesi kikirundikana na kulowa, nzi huzaliwa humo, nao hawajui mpaka wa ua. Hutua juu ya sahani ya jirani kabla mwenyewe hajaionja. Hapo jambo si la usafi tu, ni la haki ya jirani pia.

Wengi wetu hukimbilia dawa ya kupuliza. Nzi warukao hufa, funza waliomo kinyesini hubaki, na kwa joto letu juma moja na ushei latosha yai kuwa nzi kamili. Tena dawa hiyo huwaua mbawakawa na nyigu wadogo waliokuwa wakituangamizia funza bila malipo.

Wataalamu waligeukia bakteria iitwayo Bacillus thuringiensis, ambayo Ishiwata wa Japani aliigundua mwaka 1901 ikiwaua viwavi wa hariri. Bakteria hii hutengeneza chembe za sumu ziyeyukazo ndani ya utumbo wa kiwavi, wenye hali kama ya magadi, zikautoboa. Tumboni mwetu mna asidi, na chembe hizo hazipati kazi.

Hapa pana tahadhari. Miaka ya 1960, huko Marekani, kuku walijaribiwa kulishwa bakteria hii ili funza wafe kinyesini. Lakini baadhi ya aina zake hutoa sumu ya pili, thuringiensini, isiyoharibiwa na joto. Huua funza wa nzi, na yaweza kudhuru wanyama na binadamu. Ndipo mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani likataka dawa za bakteria hii zisiwe nayo. Basi mtu akituuzia unga usio na maelezo, tuchanganye na chakula cha kuku, tuukatae: mayai hayo tunayala sisi. Na ile aina ya kuulia viluwiluwi vya mbu majini si dawa ya funza wa banda.

Funza huchukia ukavu. Tuzibe vyombo vya maji vivujavyo, tutandaze maranda makavu, na kinyesi kiondolewe mara mbili kwa juma, kirundikwe mbali na kufunikwa nailoni barabara. Masika yakikaribia, paa la banda litazamwe kwanza.