Aliyejipima Ndiye Aliyeshushwa Botini

Chini ya kiti cha usukani ami yangu alikuwa na mkebe wa biskuti. Ndani yake mlikuwa na mashine ya kupimia sukari, stripu, mabomba mawili ya sindano na tende zilizofungwa kwenye gazeti. Kazi yake ilikuwa kupeleka watalii matumbaweni, katika Hifadhi ya Bahari ya Malindi, na kila asubuhi kabla ya kuvuta kamba ya injini alijitoboa ubavu wa kidole, akasubiri, akasoma namba na kuiandika kwenye daftari. Alitoboa ubavu na kuiacha ncha, kwa kuwa ncha ndiyo inayoshika kamba ya nanga, na ikiwa na kidonda maji ya chumvi yanaikumbusha mchana kutwa.

Siku moja mwenye boti aliufungua ule mkebe akitafuta plagi ya akiba. Jioni ami akaambiwa asirudi. Sababu ilikuwa fupi: "Wewe una sukari." Hakuulizwa ilikuwa ngapi asubuhi ile. Daftari halikufunuliwa na mtu.

Nimelifikiria sana daftari lile, maana jibu la swali la mwenye boti lilikuwa humo. Swali lenyewe halikuwa baya. Mtu aliyebeba abiria juu ya maji ni haki aulizwe kama anaweza kupoteza fahamu. Kosa ni kulijibu swali hilo kwa jina la ugonjwa.

Hatari inayowatia waajiri hofu ni sukari kushuka. Ubongo hutumia kama moja ya tano ya nishati ya mwili uliopumzika, na hauna ghala la maana la kuweka akiba. Unategemea kile ambacho damu inauletea dakika kwa dakika. Sukari ikiteremka chini ya 4 kwenye mashine zetu, mwili hupiga kengele: jasho jembamba, mikono kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio. Ikiteremka chini ya 3, ubongo wenyewe huanza kukosa. Maneno yanagongana, mtu anakataa msaada, anayumba. Hapa kwetu wengi wamewahi kuachwa kivulini wapumzike, watu wakidhani wamepiga mnazi, kumbe walihitaji vijiko vitatu vya sukari kwenye maji na dakika 15 za kusubiri.

Lakini si kila mwenye sukari yuko karibu na ukingo huo. Mpishi wa hoteli anayemeza metformini peke yake ni nadra sana sukari yake kushuka hivyo, kwa sababu dawa hiyo haiulazimishi mwili kumwaga insulini. Mlinzi wa usiku anayetumia glibenklamaidi yumo hatarini zaidi, hasa akikosa chakula cha jioni. Anayejidunga insulini ndiye anayehitaji uangalifu mkubwa kuliko wote. Watu watatu, ugonjwa mmoja, hatari tatu tofauti. Hata miongoni mwa wanaojidunga kuna tofauti moja kubwa kuliko nyingine zote: je, mtu bado anaisikia kengele? Sukari ikimshuka mara nyingi, mwili huzoea na kengele hufifia, hadi siku moja anaanguka bila kutetemeka kwanza. Mtu wa namna hiyo asipewe usukani kwa sasa, na nalisema hilo bila kusita. Ila hata yeye, akizuia sukari isishuke kwa wiki kadhaa, aghlabu kengele hurudi.

Waajiri wengine hudai "kipimo cha miezi mitatu" wakidhani kitamaliza maneno. Kipimo hicho husoma sukari iliyojibandika kwenye chembe nyekundu za damu, ambazo huishi kama siku 120. Kinatoa wastani. Anayepanda hadi 15 na kushuka hadi 3 kila siku anaweza kuwa na wastani wa kupendeza. Kwa usalama wa botini, daftari la ami lilikuwa na habari zaidi kuliko cheti hicho.

Kufuata namba badala ya jina la ugonjwa kumeshajaribiwa mahali ambapo kosa halina msamaha. Mwaka 2012 Uingereza ilianza kuwaruhusu marubani wanaotumia insulini kurusha ndege za abiria, kwa masharti makali: wapime kabla ya kuruka, kila saa wakiwa angani, tena nusu saa kabla ya kutua. Kati ya 5 na 15, endelea. Ikishuka chini ya 5, kula kitu. Ikishuka chini ya 4, mwachie mwenzako usukani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalihusu marubani 49 na vipimo 38,621 vilivyochukuliwa katika saa 22,078 za kuruka. Asilimia 97.7 ya vipimo vilikuwa kwenye eneo salama, na 48 tu viliangukia chini ya 4. Hakuna rubani hata mmoja aliyeshindwa kufanya kazi angani. Madereva wa malori makubwa Uingereza walikuwa wameshafunguliwa mlango mwaka 2011, na Marekani iliondoa marufuku yake ya jumla kwa madereva wa masafa kati ya majimbo mwaka 2018. Kote huko jina la ugonjwa liliachwa, zikashikwa namba na tabia.

Najua atakayesema: huko kuna baridi na friji, hapa kuna jua la Kilifi. Pingamizi hilo lina uzito, kwa sababu insulini huharibika kwa joto. Lakini jibu lake limetoka Kenya hii hii. Katika kambi za Dadaab, Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walifuata joto la nyumba ambamo insulini ilikuwa inawekwa, likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Walipoiweka insulini katika mabadiliko hayo hayo maabara kwa wiki nne, nguvu yake ilibaki karibu sawasawa na ile iliyokaa kwenye friji. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2021. Na bibi zetu walikuwa na mtungi: udongo unaopitisha maji taratibu, maji yakikauka juu yake yanaondoka na joto. Kichupa kilichofungwa vizuri na kuwekwa kivulini ndani ya mtungi mkavu, huo mtungi nao ukiwa ndani ya mwingine wenye mchanga wa maji, kinakaa vizuri kuliko kilichosahauliwa juu ya deshibodi ya matatu.

Kuna kazi za pwani yetu ambazo hatari yake iko mahali mwajiri hatazami. Nenda Gongoni na Marereni, kwenye mashamba ya chumvi. Misuli inayofanya kazi nzito huvuta sukari bila kungoja insulini, na huendelea kuivuta saa nyingi baadaye. Kwa hiyo anayejidunga insulini akisukuma chumvi mchana, sukari yake inaweza kushuka akiwa amelala. Joto nalo huharakisha insulini kuingia damuni. Mtu akila zaidi kidogo na kupunguza dozi kwa ushauri wa kliniki, hayo hutulia. Kinachonitisha mimi ni miguu. Sukari ya miaka mingi huua hisia za nyayo, na mtu anayetembea peku juu ya chumvi kali anaweza kujikata asubuhi akagundua jioni, kwa kuona damu kwenye mchanga. Huyu anahitaji buti na dakika mbili za kukagua nyayo kabla ya kwenda nyumbani. Kumfukuza hakumponyi mguu. Kunamwondolea tu pesa za dawa.

Sheria ya nchi inaliona hili vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinataja hali ya afya kwa jina miongoni mwa mambo ambayo mtu hawezi kubaguliwa kwayo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kwa sababu ya kushindwa kimwili amweleze kwanza, kwa lugha anayoielewa, akiwepo mfanyakazi mwenzake au mtu wa chama, kisha amsikilize. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakaa Malindi pia, si lazima kwenda Nairobi. Ami hakwenda. Alikuwa analipwa kwa siku, hana barua, na mwenye boti wanasali msikiti mmoja.

Kilichonikaa moyoni zaidi kilitokea baada ya hapo. Vijana wa gatini waliosikia kisa kile walifanya hesabu yao haraka: mkebe ndio uliomponza. Mmoja anayemeza vidonge alianza kuviacha nyumbani. Mwingine alikataa kupimwa kabisa kliniki ya bure ilipokuja. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 uliwakuta zaidi ya 8 kati ya kila Wakenya wazima 10 hawajawahi kupimwa sukari maishani. Kwa hiyo siku ile mwenye boti alipomweka mtu mwingine kwenye usukani, hakuwa ameondoa hatari. Aliondoa mtu ambaye sukari yake ilikuwa inajulikana, akamweka ambaye yake hakuna aliyewahi kuitazama.

Ami hakuacha bahari. Ana mashua sasa, yeye na mpwa wake, nao hutoka usiku kuvua mbali kuliko pale watalii walipokuwa wanafika. Huko hakuna mwenye boti wa kumuuliza kitu. Juzi niliwasindikiza hadi majini. Mpwa alishika tochi, ami akajitoboa ubavu wa kidole cha pete, tone likapanda, stripu ikalinywa. Ikasoma 5.2. Akaitazama kwa muda, akasema usiku ni mrefu na kazi ni ya kuvuta nyavu, akafungua gazeti na kula tende tatu na kipande cha mkate. Waliketi kwenye ukingo wa mashua robo saa nzima, mpwa akizungusha tochi bila haraka. Alipopima tena ilikuwa 6.8. Mpwa akaiandika kwenye daftari, wakasukuma.