Njia ya Shule ni Kazi Yetu Sote

Mtoto haianzi shule saa ile anapoketi darasani. Huianza tangu avukapo kizingiti cha nyumba ya baba yake, wala haimalizi mpaka mama amwone tena uani. Kati ya nyumba na darasa pana njia, nasi wazazi na walimu twaifikiri njia hiyo mara chache mno. Jioni twamwuliza mtoto: «Umejifunza nini leo?» Ni nadra tumwulize: «Umepita wapi, na umepita pamoja na nani?»

Katika jimbo letu la Tanganyika swali hilo lina uzito. Watoto walio wengi huenda shuleni kwa miguu. Huko Piana-Mwanga upo mto Luvua, ambao nguvu yake ilitumiwa kutoa umeme kwa machimbo ya bati ya Manono. Maji yawezayo kuzungusha mitambo mizito hayatamhurumia mtoto wa miaka saba. Kalemie lipo ziwa, ambalo katika miaka ya 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, lilipanda likavamia makazi yaliyo kando yake. Ipo pia reli, na zipo barabara ambazo pikipiki hupita mbio bila kupunguza mwendo. Tena tangu Septemba 2019, serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, watoto wengi zaidi wameshika njia ya shule. Twamshukuru Mungu kwa hilo, lakini tusiwaache wapite peke yao.

Hatari tulizozizoea

Shirika la Afya Duniani lasema kwamba kila mwaka watu wapatao 1,190,000 hufa kwa ajali za barabarani ulimwenguni, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko ugonjwa wo wote. Twajitahidi sana kuwakinga watoto wetu na surua na malaria, na twafanya vema. Mbona basi twatazama tu watoto watatu wakipakiwa juu ya pikipiki moja, bila kofia ngumu kichwani? Mbona twacheka tukiona kijana amening'inia nyuma ya kamyo?

Wengine hudandia mabehewa ya mizigo. Hao wakumbuke Septemba 2019, gari moshi lilipoacha reli huko Mayibaridi, katika jimbo letu hili. Watu wengi walikufa, na miongoni mwao walikuwamo waliodandia.

Mfano wa ng'ambo ya ziwa

Je, hakuna la kufanya? Lipo. Dar es Salaam, nchini Tanzania, shirika liitwalo Amend lilichunguza shule ambazo wanafunzi wake waliumizwa mara nyingi na magari. Halikujenga barabara kuu mpya. Lilitengeneza njia za miguu, likaweka matuta ya kupunguza mwendo na alama za kuvukia, na penye haja lango la shule likahamishwa mbali na barabara kubwa. Majeruhi wakapungua, na mwaka 2019 kazi hiyo ikapewa tuzo ya kimataifa. Tuangalie vema: mambo hayo ni madogo. Tuta moja na njia moja iliyofyekwa vyaweza kuokoa uhai wa mtu.

Tufanye nini kwetu?

Kwanza, watoto waende kwa makundi. Nyumba za jirani zipatane mahali pa kukutania na saa ya kuondoka, na mtu mzima au kijana mkubwa awaongoze. Vijana wa Kiro na wa Xaveri, hii ni kazi yenu hasa. Kiongozi awahesabu watoto wakati wa kuondoka, na awahesabu tena wakifika. Tukumbuke kwamba hata Maria na Yosefu, wakirudi kutoka Yerusalemu katika msafara wa jamaa, walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani Mtoto Yesu yumo kati ya wenzake. Kudhani hakutoshi.

Pili, tuwafundishe kutembea. Nchini Kongo magari hupita upande wa kuume. Kwa hiyo mwenye kwenda kwa miguu na ashike upande wa kushoto, ayaone magari yanayomjia usoni. Kabla ya kuvuka asimame na kutazama pande zote mbili. Reli si njia ya miguu, na mto uliofurika hauvukwi: afadhali kukosa somo moja kuliko kukosa mtoto.

Tatu, tuitengeneze njia. Siku ya salongo, jumuiya zetu ndogo za Kikristu zifyeke majani yanayoficha nyoka, na kuimarisha kivuko cha kijito kabla ya mvua. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nne, tusidharau miguu wala baisikeli, ambayo kwetu twaiita kinga. Havinywi petroli, havitoi moshi, na vyaupa mwili nguvu. Mzazi mwenye kinga nzima yenye breki ana mali kubwa. Na kama hapana budi kupanda pikipiki, mzazi amchague dereva mwangalifu, na mtoto apande peke yake nyuma yake, amevaa kofia.

Tobia kijana alipofunga safari ya mbali, baba yake hakumwacha aende hivi hivi. Alimwagiza atafute mwenzi wa njiani, naye Tobia akampata Malaika Rafaeli. Nasi twaamini kwamba kila mtoto anaye malaika wake mlinzi. Lakini Tobia alitafuta, hakuketi tu akingoja.

Basi, wapendwa wasomaji, Jumapili hii baada ya Misa, mshikeni mtoto mkono, mtembee naye njia yake yote mpaka mlango wa shule. Itazameni njia hiyo kwa macho yake. Mkiona jambo la hatari, msiseme tu «Mungu atasaidia», bali mwambieni mwalimu na mwenye kijiji, nanyi mwanze kulitengeneza juma lilo hilo.