Refleksi ya kwanza: tazama jicho lake, usihesabu pikseli



Muhula huu wanafunzi watatu wamekuja kwangu na swali moja: «Kapita, aparei gani ni muzuri ya kuanzia?» Wanaona wapiga picha wa Butembo na Beni namna wanavyopata franga kwenye harusi na ubatizo, nao wanataka kujisaidia kulipa minervali. Nimeona heri nijibu hapa mara moja, juu ya mimi mwenyewe nilikosea, na kosa langu halitengenezeki tena.

Bibi yangu alikimbia kijiji chake upande wa Beni wakati wa mauaji yaliyoanza Oktoba 2014. Picha zote za babu zilibaki nyumbani. Siku ya Noeli, mwaka jana, alituita wajukuu wote, akasema: «Safari hii nataka picha yenye haitabaki nyuma.» Nilikuwa na refleksi niliyoinunua juma moja mbele, kwa pesa za mbuzi wawili wa baba. Juu yake iliandikwa pikseli milioni 24, nami nilijivuna sana. Ilikuwa jioni, taa ilikuwa moja. Flashi haikuwaka: sikuijaribu dukani. Nilipiga picha nane. Mwezi wa pili bibi alifariki. Katika zile picha nane tuko watu kumi na mmoja, na hakuna uso hata mmoja unaoonekana vizuri.

Basi tujifunze pamoja.

Refleksi ni nini? Ni kamera yenye kioo kidogo ndani, kimelala kwa kuinama nyuma ya lenzi. Mwangaza unaingia katika lenzi, unagonga kioo, unapanda juu mpaka kwenye kitundu unapoweka jicho. Ndiyo maana unaona kile kile lenzi inachoona. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, pazia linafunguka, na mwangaza unaanguka juu ya kibamba kinachopokea picha. Kibamba hicho ni kikubwa kuliko cha simu mara nyingi, kwa hiyo kinakusanya mwangaza mwingi zaidi. Tena lenzi inatoka, unaweza kuweka nyingine.

Zamani refleksi numeriki zilikuwa za matajiri. Mwaka 2003 Canon ilitoa EOS 300D, ya kwanza kuuzwa chini ya dola 1.000. Leo viwanda vinatia nguvu katika kamera zisizo na kioo, na wenye refleksi wengi wanaziuza. Hiyo ni bahati kwetu wenye mfuko mwepesi, lakini inataka macho.

1. Usidanganywe na pikseli. Picha ya karatasi ya sentimita 20 kwa 30, iliyochapwa vizuri kabisa, inahitaji pikseli karibu milioni 8 na nusu. Canon 1100D ya mwaka 2011 iko na milioni 12: inatosha harusi na ubatizo. Pikseli nyingi hazileti mwangaza pahali pa giza.

2. Nunua jicho. Kamera ndogo nyingi zinauzwa na lenzi ya 18-55. Ukiivuta mpaka 55, mlango wake unabaki f/5.6, maana yake mlango mwembamba. Lenzi ya 50 yenye f/1.8 inaingiza mwangaza karibu mara kumi zaidi. (Hapa hesabu inageuka: namba ikiwa ndogo, mlango ni mkubwa.) Picha ya bibi ilitaka pazia likae wazi sehemu ya sita ya sekunde; mtoto akipumua tu, uso unafutika. Kwa f/1.8, sehemu ya 60 ingetosha. Hata kanisani, pahali flashi inasumbua wanaoomba, lenzi hii inakuokoa. Ubaya wake: haivuti, na katika chumba kidogo utarudi nyuma mpaka mgongo ugonge ukuta. Kwa hiyo kama uko na dola 200, usizimalize zote kwa mwili wa kamera. Chukua mwili wa zamani kidogo, ubakishe za lenzi.

3. Angalia kama vinapatana. Lenzi ya Canon haiingii kwa Nikon. Tena Nikon ndogo, kama D3200 na D3500, hazina mota ndani: ukitaka zitafute uso zenyewe, lenzi iwe na herufi AF-S; AF-P inafaa kwa D3500, lakini si kwa D3200. Bila hizo utazungusha kwa mkono.

4. Jaribu mbele ya kulipa. Beba kadi yako mwenyewe.
– Piga ukuta mweupe kwa f/16. Madoa meusi ni vumbi ndani.
– Toa lenzi, itazame mbele ya jua la dirisha, lakini usiangalie jua lenyewe. Nyuzi kama za buibui ni kuvu, acha.
– Piga kitu cha karibu, kisha cha mbali. Kwa haraka, kisha polepole.
– Washa flashi! Usifanye kama mimi.
– Uliza batri na chaja. Batri ya 1100D inaingia pia kwa 1200D na 1300D, ni rahisi kuipata.
Kisha fungua picha kwa ordinateri, si katika kioo kidogo cha nyuma. Muuzaji akikataza, rudi nyumbani na pesa zako.

5. Ilinde. Usibadilishe lenzi barabarani wakati wa jua, vumbi yetu nyekundu inaingia mara moja. Chaji batri kila umeme ukiwapo, usingojee siku ya kazi. Na usielekeze kamera kwa askari wala kizuizi, utaitwa mpelelezi.

Jean Depara, aliyepiga picha za usiku wa Kinshasa na za mwimbaji Franco, alianza na kamera ndogo aliyonunua mwaka 1950 kwa ajili ya harusi yake mwenyewe. Basi kidogo si haya.

Na mimi? Niliuza ile kamera kwa hasara, nikapata ya zamani zaidi yenye lenzi ya 50. Jumapili iliyopita nilipiga picha ya baba na mama jikoni, kwa taa moja. Nyuso zinaonekana. Mwenye wazee nyumbani asingojee Noeli. Na kama hana kamera, anikute saa ya mapumziko, tutaenda pamoja.